Kizunguzungu kila nikigeuka kitandani, presha wanasema, CT ya kichwa haina kitu. Hiki ni nini wakuu?

Baba_Watoto_Watatu:

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni mawazo maana mi nimechoka na nahisi hata mama watoto kachoka kunisikiliza.

Iko hivi. Wiki tatu zilizopita alfajiri nimegeuka tu upande wa kulia nizime alamu ya simu, ghafla chumba chote kikaanza kuzunguka, na sio kuzunguka kwa kuzugazuga, yaani dari linakwenda na kabati linalifuata, nikalishika godoro kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Nikafumba macho, ndo ikawa mbaya zaidi. Ikapita. Nikasema labda nimeamka vibaya, nikakaa kitako, ikaja tena kidogo, nikatapika. Toka siku hiyo nikilala chali inakuja, nikigeukia kulia inakuja, nikiangalia juu kutoa kitu kwenye shelfu inakuja, nikiinama kufunga kamba za viatu inakuja. Katikati hapo niko sawa, ila kichwa kama kimejaa pamba na natembea kwa kunyatia kama nimejitwika ndoo ya maji.

Hospitali ya kwanza wakanipima presha, 142 kwa 88, wakasema ndo yenyewe, nikapewa dawa. Ya pili wakapima damu, sukari sawa, damu ipo ya kutosha, wakanipiga CT ya kichwa, haina kitu. Nikaondoka na vidonge vya kizunguzungu, navimeza vinanipa usingizi tu mchana kutwa. Sasa inakuwaje vipimo vyote viko safi halafu mtu nazunguka? CT inaweza kukosea? Au ndo kiharusi kinapiga hodi? Nina miaka 47, sivuti, kisukari sina. Samahani kwa maelezo marefu.

Kiroboto77:

Presha hiyo mkuu, usitafute mchawi. 142 sio mchezo. Meza dawa, punguza mawazo, kunywa maji. Mi nilianza hivyohivyo.

fizio_wa_zamu:

Pole sana kaka. Mi ni mtu wa fiziotherapia na wagonjwa wa kizunguzungu nakutana nao karibu kila siku, sio daktari, kwa hiyo chukua kama maoni ya mtu aliye jirani na jambo lenyewe.

Kiroboto ndugu yangu, mtu chumba kimemzunguka, katapika, kaogopa kufa, kapanda gari kaja hospitali, unategemea presha isome ngapi? Hata mimi ningesoma 142. Presha ya juu mara nyingi haina dalili yoyote, ndo maana inaua watu kimyakimya. Kizunguzungu cha kugeuka kitandani sio lugha yake.

Kaka nijibu haya. Kikija kinakaa muda gani, na simaanishi kichwa kuwa kizito baadaye, namaanisha kule kuzunguka kwenyewe, hesabu kwa saa. Ukikaa kimya bila kusogeza kichwa kinakuja chenyewe au lazima uguse kitu? Masikio vipi, unasikia sawa pande zote, kuna mlio, kuna kuziba? Unaona kitu kimoja viwili, ulimi unakuwa mzito, mkono au mguu unalegea, unashindwa kabisa kusimama? Na je, kabla ya hii ulijigonga kichwa, au uliugua ukalala sana?

Utashangaa sijakuuliza kizunguzungu chako kikoje. Zamani ndo lilikuwa swali la kwanza, lakini watu hawaelezi vizuri na sio kosa lao, Kiswahili chenyewe kimetupa neno moja kwa mambo manne. Anayeona chumba kinazunguka anasema kizunguzungu, anayetaka kuzimia macho yakiingia giza anasema kizunguzungu, anayepepesuka akitembea anasema kizunguzungu, na yule kichwa chepesi kinachoelea naye hivyohivyo. Tena mtu mmoja leo atakuambia nazunguka, ukimuuliza tena baada ya dakika kumi anasema hapana ni kama naelea. Ila muda na kinachokianzisha, hapo watu hawababaiki.

Baba_Watoto_Watatu:

Asante sana. Usiku huu nimejilaza makusudi nikahesabu (nilikuwa najua nakitafuta). Nimelala chali nikageuza kichwa kulia, kama sekunde tatu nne hamna kitu, nikaanza kujisifu nimepona, halafu kikaja. Nimehesabu hadi 22 kikaisha. Nikikaa kimya hakiji kabisa. Kushoto hakuna kitu au kidogo sana. Masikio yako sawa, hakuna mlio. Sioni viwili, ulimi uko sawa, nguvu zipo. Kujigonga, ndio, miezi miwili nyuma niliinuka nikajigonga na mlango wa kabati nikaona nyota, lakini nilipona siku hiyohiyo kwa hiyo sikuona umuhimu wa kusema.

fizio_wa_zamu:

Hizo sekunde tatu nne za kimya ulizozitaja zimenifurahisha kuliko vyote. Wengi hawazioni.

Ndani kabisa ya sikio, kila upande, kuna mifereji mitatu ya nusu duara yenye majimaji, imekaa pande tatu tofauti ili kila ukigeuza kichwa, iwe kukubali, kukataa au kukiinamisha begani, mmoja wapo upate habari. Zungusha beseni la maji ghafla uone, beseni linakwenda maji yanabaki nyuma. Ndo hivyohivyo, maji yakibaki nyuma yanasukuma kitu laini chenye vinyweleo, ubongo unapata taarifa kwamba kichwa kimegeuka. Jirani na mifereji hiyo kuna kachumba kenye chembechembe za chokaa, kalsiamu kabonati, zimenata juu ya utando kama wa uteute, hizo kazi yake ni kukuambia chini ni wapi. Chembe hizo zikibanduka, iwe kwa uzee, kwa kujigonga, kwa kulala kitandani muda mrefu, au bila sababu yoyote inayojulikana (na hii ndo mara nyingi), zinaweza kudondokea kwenye mfereji, hasa ule wa nyuma kwa sababu ndo uko chini. Ukilala zinaanza kuteremka, inachukua sekunde chache kupata mwendo, zinavuta maji pamoja nazo, na ubongo unaambiwa kichwa kinazunguka kwa kasi wakati wewe umelala kama gogo. Zikifika chini zinatulia, na wewe unatulia. Ndo maana 22 kikaisha.

Kwa hiyo vipimo vyako haviko "safi", havikupima kitu hiki. Damu haionyeshi chokaa iliyopotea njia. CT nayo haiwezi kuziona chembe hizo, ni ndogo mno. Kipimo chake ni kulazwa tu na mtu akakutazama macho. Kinaitwa Dix-Hallpike, kwa majina ya Margaret Dix na Charles Hallpike walioandika habari zake mwaka 1952 kule London. Unakaa kitandani, kichwa kinageuzwa nusu upande mmoja, unalazwa haraka kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo, macho wazi. Kama ni chenyewe macho yataanza kurukaruka, yanaruka kwenda juu huku yakijizungusha kuelekea sikio lililo chini, yanapungua, yanakoma. Mashine haihitajiki. Kinachonikera ni kwamba kinachukua dakika mbili na watu wanazunguka hospitali mwezi mzima.

Ila mi nakisia kutoka kwenye maandishi. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo au fizio anayejua mambo haya, mwambie hivihivi ulivyoniambia mimi. Na ongea na daktari aliyekupa dawa za presha, usiziache mwenyewe kwa sababu ya mtu wa mtandaoni.

Shangazi_Mkali:

Naomba na mie niseme langu kwa sababu mtu akisoma hapa atadhani kila kizunguzungu ni hivyo vijiwe vya chokaa sikioni. Changu kilikuwa kinakaa masaa. Kinaanza sikio la kushoto linajaa kama nimezama kwenye maji, halafu mlio mzito, vuuuu, kama jenereta la jirani, halafu dunia inapinduka, naganda sakafuni bafuni masaa mawili matatu natapika mpaka nyongo. Kikiisha nalala kama mfu. Wiki inayofuata niko mzima naenda kazini, watu wanasema ananogesha. Miaka miwili naambiwa wasiwasi, mara naambiwa nina mimba (!!), mpaka siku moja mtoto wangu akawa anaongea nami kwenye simu sikio la kushoto nikawa namsikia kama yuko ndani ya debe. Ndo wakanipeleka kupima usikivu, ile unavaa vidude masikioni unabonyeza ukisikia mlio, ikaonekana sauti nzito nzito upande huo sizisikii. Wakasema ni Ménière, ugonjwa wa sikio la ndani. Kama kuna mtu anazunguka NA sikio linabadilika aende akapimwe usikivu, asiridhike na presha.

fizio_wa_zamu:

Shangazi shikamoo, na asante, umeeleza kuliko vitabu. Ndo hapo muda unaposema kila kitu, ya vijiwe ni sekunde, ya Ménière ni dakika 20 hadi masaa 12 hivi na sikio linashiriki.

Prosper Ménière mwenyewe, daktari ambaye ugonjwa huo umeitwa kwa jina lake, aliwasilisha hoja yake Paris mwaka 1861. Kabla yake mtu akizunguka na kutapika waliona damu imejaa kwenye ubongo, dawa yake wanamtoa damu. Yeye akasema jamani, tatizo linaweza kuwa sikioni. Wengi hawakumwelewa. Nikisikia "presha hiyo" huwa namkumbuka huyu mzee.

Nyongeza moja muhimu: kama sikio limekufa ghafla, yaani jana ulisikia leo husikii, usisubiri wiki, hiyo nenda siku hiyohiyo, kuna dawa ambazo zikichelewa hazina maana tena.

Kiroboto77:

Sawa nimepigwa nimekubali 😂 Lakini sasa presha haihusiki kabisa na kizunguzungu? Maana mi nikisimama ghafla naona giza kabisa, na ni toka nianze dawa.

fizio_wa_zamu:

Inahusika, ila mara nyingi kwa upande wa pili, ya kushuka. Ukisimama damu inashuka miguuni, mwili unatakiwa ubane mishipa haraka, usipofanya hivyo kichwa kinakosa damu kidogo na macho yanaingia giza. Hakuna kuzunguka hapo, ni kutaka kuanguka. Inapimwaje: lala dakika tano, pimwa ukiwa umelala, simama, pimwa tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, hiyo ni presha ya kusimama. Ukipimwa umekaa tu haionekani hata wakupime mara mia. Dawa za presha, dawa za kukojoza maji, baadhi ya dawa za tezi dume na za mfadhaiko, kupungukiwa maji kwa kuhara au homa, kutokwa damu, vyote vinaleta. Mwambie daktari wako hayo ya toka uanze dawa, neno kwa neno.

Na kama giza linakuja ukiwa umekaa au umelala, au ukipanda ngazi, au moyo unaenda mbio kwanza ndo kinafuata, hapo mtu anatakiwa apimwe moyo, sio sikio.

binti_wa_pili:

Wacha niulize kwa ajili ya mama. Ana miaka 71, anatumia dawa mbili za presha na moja ya usingizi. Kaanguka mara mbili mwezi huu, zote usiku akienda chooni. Sisi tulidhani ni macho. Akiulizwa anasema "kichwa kiliniacha". Tufanye nini?

fizio_wa_zamu:

Dada, usiku akienda chooni maana yake katoka kulala akasimama papo hapo, na dawa ya usingizi iko mwilini. Mpime kama nilivyomwelekeza Kiroboto, akiwa kalala halafu kasimama, kama mashine ya nyumbani mnayo. Fanyeni asubuhi kabla hajazungukazunguka, na mtu asimame karibu amdake. Andika namba. Kwa sasa akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu dakika mbili, ndo asimame, na taa iwake njiani.

mwalimu_mstaafu:

Habari za jioni wanangu. Nimesoma uzi wote na miwani yangu. Langu halipo humo. Mimi sizunguki na sioni giza. Nayumba. Mchana natembea vizuri, lakini nikiingia kwenye ukumbi wenye giza natafuta ukuta, na asubuhi nikiinamia sinki kunawa uso nikafumba macho kwa sababu ya sabuni, nakaribia kupiga paji la uso kwenye bomba. Vijana wanadhani mzee kanywa. Kisukari ninacho mwaka wa 14 sasa.

fizio_wa_zamu:

Shikamoo mwalimu. Hilo la sinki ni zuri sana, yaani sio zuri kwako, zuri kwetu.

Mwili unajua umesimama wima kwa vitu vitatu, macho, sikio la ndani, na taarifa kutoka nyayo na viungo vya miguu. Viwili vikifanya kazi unasimama. Kisukari cha muda mrefu kinakula mishipa ya fahamu ya miguuni, nyayo hazitoi habari vizuri, kwa hiyo macho yanabeba mzigo. Mchana yanabeba. Gizani au ukifumba macho kunawa, mzigo unadondoka. Daktari mmoja Mjerumani wa karne ya 19, Romberg, kipimo chake ndo hicho chako cha sinki, mgonjwa anasimama miguu pamoja anaambiwa afumbe macho, wanatazama kama atayumba. Nadhani hata wakati ule wagonjwa walikuwa wanalalamika hivyohivyo kuhusu kunawa.

Mwalimu, ukipimwa omba waguse nyayo zako na ile uma ya chuma inayotetemeka, waone kama unausikia mtetemo. Na waangalie vitamini B12, hasa kama unatumia metformin, ile dawa ya kisukari, muda mrefu, maana inaweza kuipunguza, na upungufu wake nao unaharibu mishipa hiyohiyo. Hilo la B12 linatibika.

mzee_wa_redio:

Mnaongea vizuri lakini msiwape watu usingizi. Baba yangu alianza ghafla saa nane mchana akisikiliza mpira. Kizunguzungu, kutapika, kwikwi isiyokatika. Uso uko sawa, mikono ina nguvu, anaongea ingawa sauti imekuwa ya ajabu kidogo. Wakafanya CT, safi. Wakasema sikio hilo, mpeni vidonge arudi nyumbani. Mimi nikasema huyu mtu hawezi hata KUKAA, tukimkalisha anamwagikia kulia kama gunia. Nikagoma kuondoka, nikaonekana mkorofi. Kesho yake MRI, picha ya kina zaidi ya ubongo, ikaonyesha kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo. Leo anatembea na fimbo na anamshukuru ukorofi wangu.

fizio_wa_zamu:

Mzee hapo umegusa sehemu ambayo hata sisi wa kazini tunaiogopa.

Kizunguzungu kilichoanza ghafla na HAKIKATIKI, masaa, siku nzima, kipo hata ukitulia, hicho kina njia mbili kubwa. Moja ni mshipa wa fahamu wa sikio kuvimba, mara nyingi inafikiriwa ni kwa virusi, mtu anazunguka siku mbili tatu halafu anapata nafuu taratibu kwa wiki kadhaa. Nyingine ni kiharusi cha ubongo wa nyuma, na hicho kinaweza kuja bila mdomo kupinda wala mkono kulegea. CT haioni vizuri eneo hilo, na hata MRI ikifanywa mapema sana, siku ya kwanza ya pili, kiharusi kidogo kinaweza kisionekane. Baba watoto uliuliza kama CT inaweza kukosea, jibu ndo hilo, CT safi haimtoi mtu kwenye hatari.

Kuna vipimo vya macho vya pale kitandani, vitatu, viliandikwa pamoja mwaka 2009. Kimoja kinashangaza watu: mgonjwa anakutazama puani, unamgeuza kichwa kidogo kwa ghafla. Kama ni sikio, macho yanakwenda na kichwa halafu yanaruka kurudi puani kwako. Kama macho yamebaki yameganda puani bila kuteleza, ungedhani ni habari njema, kumbe kwa mtu ambaye anazunguka muda huohuo ndo inabidi ushtuke, maana sikio lake ni zima, sasa kinachomzungusha ni nini? Ila hiki ni kwa yule anayezunguka bila kukoma, na kwa aliyefundishwa. Ukimfanyia mtu wa vijiwe ambaye muda huo ametulia hakikuambii kitu, tena utamtisha bure. Msijaribu nyumbani.

Cha kukumbuka nyumbani ni kile alichokiona mzee: hawezi kukaa au kusimama bila kushikiliwa. Hiyo, au kuona viwili, ulimi mzito, kushindwa kumeza, ganzi ya uso, kichwa kuuma vikali ghafla, mguu kulegea, hakuna kusubiri asubuhi.

nusu_usingizi:

Mi nilifanyiwa hiyo ya kulazwa haraka mara mbili macho hayakuruka. Kizunguzungu changu kinaweza kukaa siku nzima, mwanga unaniumiza, kelele siwezi, siku hizo hata kutazama simu ikisogezwa juu chini nasikia kichefuchefu. Kichwa hakiumi kila mara ndo maana nilibisha daktari aliposema kipandauso. Nilikuwa nacho ujanani cha kuuma nusu kichwa, kikaisha nikadhani basi.

fizio_wa_zamu:

Kipandauso cha kizunguzungu kipo na ni cha kawaida kuliko watu wanavyodhani, kinaweza kukaa dakika tano hadi masaa 72, na kichwa sio lazima kiume kila mara. Hakuna picha wala damu inayokionyesha, kinajulikana kwa historia yako tu, kwa hiyo andika kwenye daftari siku, muda, usingizi ulikuwaje, hedhi kama unayo, mwanga. Daktari akisoma daftari la miezi miwili anaona mengi.

Baba_Watoto_Watatu:

Wakuu nimerudi, siku ya tisa leo. Nimempata daktari wa masikio, mtu mzima hivi, hana haraka. Nikamwambia ni sekunde 22 na nikigeuka kulia. Akatabasamu akasema nani kakufundisha kuhesabu.

Akanikalisha katikati ya kitanda, akanishika kichwa pande zote mbili, akakigeuza kulia, akasema usifumbe macho hata iweje, nitazame paji la uso. Akanilaza chap. Moja, mbili, tatu, kimya, nikataka kusema hamna, ndo likaja lote. Nilimshika mkono nadhani nilimuumiza. Mama watoto alikuwa amesimama pembeni na simu, daktari alimwambia arekodi macho yangu. Nimeitazama baadaye hiyo video mara nne. Macho yangu yanajisokota kama mtu anajaribu kufungua kifuniko cha chupa, halafu yanarudi, yanajisokota, yanarudi, na mi sikuwa na habari kabisa kwamba yanafanya hivyo, mi nilikuwa naona dari ndo linatembea. Mama watoto kasema kitu kimoja tu: "kumbe ni kweli." Wiki tatu alikuwa ananisikiliza kwa adabu.

Palepale hakuninyanyua. Kilipokoma akasubiri kidogo akageuza kichwa kwenda kushoto, tukasubiri, akanigeuza mwili mzima nilale ubavu wa kushoto pua inaangalia sakafu, kikaja kidogo tena, tukasubiri, akaninyanyua taratibu. Anasema anazirudisha chembe kwenye kachumba kake kwa kuzipitisha kona moja moja, ni mbinu ya daktari wa Marekani anaitwa John Epley aliyeichapisha mwaka 1992 na mwanzoni wenzake wengi hawakumwamini. Nikauliza dawa? Akasema dawa ya kuondoa jiwe kwenye kiatu ni kuvua kiatu. Vidonge vya kizunguzungu kasema niache, vinachelewesha ubongo kuzoea. Vya presha kasema nipime nyumbani wiki mbili nikiwa nimetulia halafu tuzungumze na yule wa kwanza.

Usiku huo nililala, nikageuka kulia makusudi. Kidogo sana, kama mtu kanisukuma bega. Siku ya tatu nikarudi akarudia, sasa hivi hamna. Ila naomba niulize, mbona bado natembea kwa kunyatia? Nikipita korido yenye watu wengi nagusa ukuta. Hakizunguki kitu.

fizio_wa_zamu:

Hongera kaka! Hako ka kunyatia ni mabaki. Mwezi mzima ubongo wako umezoea kukiogopa kichwa chako, shingo umeikaza, hugeuki kutazama nyuma, unageuka mwili mzima kama kabati. Tembea, tena nje, geuza kichwa kulia na kushoto unapotembea, tazama juu, inama. Kwa wengi kinaisha wiki chache. Kikipita miezi mitatu bado unaelea karibu kila siku, hasa penye watu wengi na vitu vingi vinavyosogea, rudi, maana nacho ni ugonjwa unaojitegemea na una mazoezi yake. Na vijiwe vinaweza kurudi, mwakani au baada ya miaka mitano, usishangae, sasa unajua pa kwenda. Na sio lazima virudi mfereji uleule, vikiingia wa pembeni kipimo ni kingine, unalala chali unageuzwa kichwa kulia na kushoto, kwa hiyo siku hiyo usimwambie daktari "ni kulekule", mwache apime.

Kiroboto77:

Mi nimeenda. Nimelala 138, nimesimama 112. Daktari kapunguza dozi ya usiku. Sina la kusema zaidi, mjadala huu nauhifadhi.

binti_wa_pili:

Mama tumempima leo alfajiri, mimi na kaka. Kalala 151 kwa 84. Kasimama dakika moja 126 kwa 75, kasema "ndo hivi sasa, ndo hivi ninavyowaambia" akakaa chini mwenyewe. Ya dakika tatu hatukuipata.

fizio_wa_zamu:

Imeshuka 25, inatosha, msimsimamishe tena kutafuta ya dakika tatu. Andika hizo namba kwenye karatasi pamoja na majina ya dawa zote tatu na saa anazomeza, na hayo maneno yake yaandike kama alivyoyasema, mpeleke wiki hii.